Chupa Haifunguliwi kwa Mtoto Mmoja

Sharubati alikuwa dukani kwa muuza dawa, akibembeleza apewe kidonge cha kichwa kwa mkopo, bahati ilipoingia imevaa miwani ya dhahabu.

Bahati yenyewe wapangaji wake walimwita Bi Marumaru, kwa kuwa nyumba yake ilipigwa marumaru sebuleni, jikoni, ukuta wa nje, mpaka kwenye mtaro wa maji machafu. Nyuma yake alimfuata mkamwana wake, mjamzito, mtoto mgongoni, macho chini.

"Nauliza," Bi Marumaru alimwambia muuza dawa, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuamuru, "chanjo ya surua ya kulipia mnayo?"

"Hiyo haiuzwi, mama. Inatolewa bure, hapo kliniki."

"Bure!" Alilitema neno lile kama mbegu ya limau. "Mjukuu wangu achomwe kitu cha bure? Akae benchi moja na watoto wa wapangaji wangu?"

"Mama," mkamwana akasema taratibu, "surua imeshaingia mtaa wa nyuma. Mtoto wa fundi cherehani amelazwa. Huyu ana miezi kumi sasa, alitakiwa achomwe tangu mwezi uliopita. Na mimi mwenyewe nadaiwa ya pepopunda, kwa ajili ya huyu wa tumboni."

"Kliniki ya bure haendi mtu wa nyumba yangu. Mumeo akirudi safari mtaongea."

Mkamwana akamkaza mtoto mgongoni. Alikuwa amemwona yule mtoto wa fundi akibebwa kwenda hospitali, macho mekundu, mwili mzima vipele, hana hata nguvu ya kulia, na tangu hapo hakupata usingizi. Alimwogopa mama mkwe, ni kweli. Lakini surua aliiogopa zaidi.

Sharubati, kwa upande wake, alikuwa ameshauza mengi: simu zisizo na matumbo, viwanja vilivyo katikati ya mto, hata nafasi ya kazi kwenye kiwanda kilichofungwa. Chanjo alikuwa hajawahi kuuza, na jambo hilo lilimsikitisha ghafla. Akaweka kola sawa, akakohoa kisomi.

"Samahani, mama. Nimesikia bila kukusudia."

"Wewe nani?"

"Wakala. Wa nini, siwezi kusema hapa, kuna masikio." Akamtupia muuza dawa jicho, kisha akamvuta mama pembeni, nje ya mlango. "Mama, watoto wa wakubwa unadhani wanachanjwa wapi? Umewahi kumwona mke wa waziri kwenye benchi la kliniki?"

"Sijawahi."

"Basi jiulize."

Bi Marumaru akajiuliza, akajijibu, na jibu lake likampendeza kupita kiasi. Bei aliyotajiwa ilikuwa ya kumfukuza maskini na kumvuta tajiri, naye alivutika. Alilipa palepale, noti juu ya noti, akaongeza kidogo ili wakala ajue anaongea na nani. Wakakubaliana huduma ifanyike kesho yake, nyumbani kwa Bi Marumaru.

Mpango wa Sharubati ulikuwa mwepesi: maji yaliyochemshwa, sukari kidogo, matone mawili mdomoni mwa mtoto, kwaherini. Alijiambia kwamba maji ya sukari hayajawahi kumdhuru mtu. Hapo ndipo natamani ningekuwa karibu nimzabe kofi, maana mtoto aliyelishwa uongo wa namna hiyo angebaki vilevile, kifua wazi mbele ya surua, na bibi yake akitembea mtaani kujisifu. Lakini mtunzi hapigi kofi, anasimulia. Bahati nzuri kulikuwa na mtu mwingine wa kumshughulikia.

Asubuhi mlango ulifunguliwa na mkamwana. Hakumkaribisha ndani. Alitoka yeye, akaurudishia mlango nyuma yake.

"Kaka, wewe si ndiye uliyemuuzia baba yangu mdogo kuku waliopakwa rangi?"

"Watu wanafanana, dada."

"Wanafanana mpaka kovu la kidevuni? Hebu nione hicho kichupa." Akakifungua, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Uso ukamkunjamana kwa hasira. "Sukari! Mwanangu ndiye wa kunyweshwa sukari? Huna haya wewe?"

"Dada, punguza sauti..."

"Sauti bado sijaitoa. Sikiliza. Leo unampeleka mwanangu kliniki, anachomwa ya kweli, na mama mkwe anaamini ni hiyo ya wakubwa uliyomuuzia. Ukikataa napiga ukelele, na baba mdogo anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa."

Sharubati akapiga hesabu haraka. Chanjo ni bure, kliniki iko nyuma ya ukuta, malipo yameshaingia mfukoni. Hata jasho la kuchanganya sukari lilikuwa limepotea bure!

"Dada yangu," akasema kwa upole mkubwa, "mbona hukuniambia tangu jana?"

Alipoambiwa kwamba chanjo ya wakubwa haitolewi nyumbani, Bi Marumaru alikataa katakata kubaki. Alivaa gauni la harusi za watu, akajipulizia manukato, na msafara ukaondoka. Sharubati akawazungusha mitaa miwili ili safari ionekane ndefu, kisha akawaingiza kliniki kwa mlango wa nyuma, kupitia vitanda vilivyovunjika na kamba ya nguo.

"Huku ndiko wanakopita wakubwa," akanong'ona. "Kule mbele ni kwa umma."

"Mbona kuna ndoo na mafagio?"

"Usiri, mama."

Bi Marumaru akatikisa kichwa, ameridhika.

Chumba cha chanjo kilikuwa kidogo, mzani wa watoto unaning'inia darini, jokofu la chanjo linanguruma kwenye kona. Nesi alikuwa mwanamke mpana, asiye na muda wa kupoteza. Sharubati akamwinamia sikioni.

"Bibi huyu ana tatizo kidogo. Akisikia neno bure, presha inapanda."

"Ikipanda tutaipima. Mtoto ni huyu tu?"

"Huyu tu, lakini wa maana."

"Basi sifungui." Nesi akakunja mikono. "Chupa moja ya surua ni ya watoto kumi. Nikishaichanganya, isipoisha leo inamwagwa. Nimebaki na moja mpaka mzigo uje, siimwagi kwa ajili ya mtoto mmoja, hata awe wa maana vipi. Leteni wenzake, ama mrudi mwezi ujao."

Mkamwana akamshika Sharubati mkono wa shati, akamtoa ukumbini, Bi Marumaru akiwa bado anachungulia kama kiti kina vumbi.

"Mwezi ujao hapana," akasema, na sauti ilimtetemeka kwelikweli. "Yule wa fundi aliugua kwa siku chache tu akawa hajitambui. Nenda kalete watoto."

"Niwatoe wapi watoto, mimi?"

"Uani kwetu. Kila chumba kina mmoja."

Basi Sharubati, mtu ambaye maisha yake yote milango ilifungwa akionekana, akaenda kugonga milango awaombe akina mama watoto wao. Na akina mama, lahaula, walikuwa na shida siku hiyo!

"Nikienda huko, nyanya zangu nani atauza?" muuza nyanya akauliza. Sharubati akanunua beseni zima.

"Nina kichwa cha mteja, nimesuka nusu," msusi akasema. Mteja naye akadai fidia ya kukaa juani na nusu kichwa. Akalipwa.

"Mimi nina pacha," wa chumba cha mwisho akasema. "Pikipiki moja hatutoshi. Labda mbili."

Mwingine alitaka sabuni ya nguo alizoacha zimeloweka. Mwingine alisema mume wake hapendi atoke bila kuacha mboga ndani. Kila mmoja alisema kwa unyonge, mkono umenyooshwa, na Sharubati kila mara alijipa moyo kwamba zitakazobaki zitatosha.

Aliporudi kliniki na jeshi lake, Bi Marumaru akasimama wima.

"Hawa si wapangaji wangu? Wamefuata nini kwenye chanjo ya wakubwa?" Akauchukua mkoba wake. "Mkwe, mbebe mtoto. Tunaondoka."

Mkamwana hakusogea. Alimtazama Sharubati, rangi imemtoka. Mama mkwe akitoka pale ndio basi tena, na chupa ipo juu ya meza.

Sharubati akaweka kola sawa. Kwa kweli alikuwa na sababu zake za mfukoni, lakini sura ya mkamwana ilimgusa mahali ambapo hakujua kama anapo.

"Mama, hawa ni waonjaji."

"Waonjaji?"

"Chakula cha mfalme, mfalme ndiye anayekionja kwanza?"

"Thubutu! Wapo wa kuonja."

"Sasa mjukuu wako achomwe wa kwanza, kwani yeye ni nani wa kujaribiwa? Wanatangulia hawa. Yeye anafunga."

Msusi akauma mtandio asicheke. Nesi alifungua mdomo aseme neno, akakutana na macho ya mkamwana, akaufunga. Bi Marumaru akakaa taratibu, akaweka mkoba mapajani.

"Hapo sasa ndipo ninapoona hela yangu," akasema.

Nesi akaifungua chupa. Watoto wakachomwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akapiga yowe lake, na kwa kila yowe Bi Marumaru aliuliza, "Mzima?" akajibiwa, "Mzima." Mjukuu akafunga pazia kwa kilio cha kuangusha mabati. Mama yake naye akalia, waziwazi, akimbusu kisogoni. Kisha akajifuta machozi na kukunja mkono wa gauni.

"Na mimi, mama. Huyu dokta wako alisema malipo ni ya mama na mtoto."

Sharubati hakuwahi kusema hivyo. "Nilisema," akasema.

"Yameshalipwa?" Bi Marumaru akauliza.

"Yote."

"Basi mchomeni, kwa nini tuwaachie?"

Nje, Sharubati akaingiza mkono mfukoni, ukatokea upande wa pili. Alikuwa kapa kabisa, isipokuwa beseni la nyanya. Mbele yake akamwona mama wa pacha anakata kona kwa miguu, mtoto mmoja mbele, mwingine nyuma.

"Dada! Na zile pikipiki?"

"Pikipiki za nini, kaka? Kwetu si hapo nyuma ya ukuta?" Akacheka mpaka pacha wakatikisika. "Sisi wote tulishakuja hapa, kila mtu na siku yake, tukarudishwa kwa ajili ya hiyo chupa. Hata mkamwana, kwa siri. Jana jioni akatupitia, akasema tukae tayari, kesho atakuja mtu wa kutulipa tuje."

Sharubati akageuka. Mkamwana alikuwa amesimama mlangoni, amebana pamba mkononi.

"Dada, umenipiga changa la macho."

"Kwani hela zilikuwa zako?"

Sharubati akalihamishia beseni la nyanya mkono wa pili.

Bi Marumaru akatokea, simu sikioni, anang'aa. "Nimemwambia dada yangu. Ana wajukuu watatu, na cha bure hashiki hata kwa fimbo. Anataka waonjaji wengi kuliko wangu! Dokta, usimpunguzie bei, atadhani ni feki."

"Atapata, mama," mkamwana akasema. "Mzigo ukija tu, tunamwita. Dokta aanze kutafuta watoto leo leo. Ila safari hii hela nitashika mimi, yeye ana mambo mengi."

"Hilo ni wazo la maana. Mkwe wangu, kumbe una akili!"

Wakaondoka, mtoto amelala mgongoni kwa mama yake. Sharubati akabaki ameshika beseni. Alifikiria kukimbia mji, lakini nauli hana. Akashusha pumzi, akaingia mtaa wa nyuma, akagonga mlango wa kwanza.

"Hodi wenyewe," akaita. "Humu kuna mtoto ambaye hajachomwa ya surua?"