Siku Somoe Aliporudisha Tambuu

Haya, kaeni vizuri, enyi watu wa Kilindoni, nanyi wa Ras Mkumbi tegeni masikio, msikie habari ya vita vilivyopiganwa Jumamosi asubuhi juu ya jamvi moja, baina ya majemadari wawili wa tumbo moja. Vita visivyomwaga damu, ila mate mekundu kidogo.

Shujaa wetu ni Somoe binti Mudrik, mwenye figo zilizochoka na mifupa myepesi kama kifuu kikavu, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa hogo la plasta baada ya kuvunjika kwa kosa la kuinua ndoo ya maji, tena nusu. Daktari Samina alikuwa amemwambia: "Mama, usianguke. Mifupa yako imepungua chokaa, lakini usijiongezee mwenyewe. Figo zako haziwezi tena kuiongoza chokaa hiyo, na ikizidi huganda kwenye mishipa ya damu. Jumanne nitapima damu, ndipo nijue dawa ya kukupa."

Somoe alimsimulia dada yake Bimkubwa maneno hayo yote kwa simu. Bimkubwa alisikiliza mpaka "imepungua chokaa", akakata.

Jumamosi hiyo akatua kutoka Kirongwe, Bimkubwa Mwenye Kijaluba, kile kikopo chake cha shaba cha kuwekea tambuu kwapani kama jambia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Chokaa si ndiyo hii? Miaka arobaini naitafuna, umewahi kuniona na hogo mimi?"

Akatandaza jani la tambuu, akalipaka chokaa, maradufu ya anayotafuna mwenyewe, kama fundi apigaye lipu ukuta wa msikiti, akatia popoo, akakunja. "Bismillahi. Fungua kinywa."

Hakuna kiumbe aliyewahi kumrudishia Bimkubwa tambuu akasalimika. Binamu yao Matano alithubutu, na harusi tatu zikapita hakualikwa. Lakini Jumanne nayo ilikuwa inakuja na sindano yake. Akaipokea kwa mkono wa kulia, akavuta pumzi, akahutubu:

"Ewe Bimkubwa binti Mudrik, sultani wa vijaluba, uliyenibeba mgongoni mpaka kisimani kabla sijajua kutambaa! Tambuu yako nimeipokea, na mapenzi yaliyomo nimeyala yote. Lakini chokaa ikiingia mwilini mwangu hupotea njia. Itafune wewe kwa niaba yangu, wewe mwenye figo."

"Unanirudishia?"

"Nakurudishia jani, dada. Wewe sikurudishi. Nataka kwenda msalani, ng'ambo ya ua, na ua umelowa. Nipe mkono."

Kisha Bimkubwa, kwa hasira, akaitupia kinywani ile silaha aliyomchanganyia mgonjwa, akatafuna mara mbili, na macho yakamjaa machozi.

"Mnh! Inaunguza hii!"

"Si ya mifupa?"

"Ya kupigia lipu hii!" Akatema, akafuta kinywa kwa ncha ya kanga, akanyoosha mkono wa kushoto. "Haya, shika hapa. Na usinining'inie, mimi si mnazi."

Basi majemadari wale wakashuka uani, hatua kwa hatua, wakipita kwenye ukungu wa kijani unaoteleza kama mlenda, wakikwepa sufuria, wakimfukuza jogoo aliyetaka kuwakatia njia. Hatua kumi na nne! Naye Somoe hakuteleza, hakuyumba, akafika msalani mzima kama alivyoumbwa, na wakarudi vilevile, wakibishana njia nzima.

Jumanne damu ilipopimwa, chokaa ndani yake ilikutwa kwenye kiwango kilekile alichokitaka daktari, na dawa ya mifupa ikaanzwa. Mfupa wa Somoe haukuvunjika tena mpaka Mola alipomchukua, miaka miwili baadaye, kitandani mwake.

Iandikwe basi, wajao wajue, kwamba tambuu ilirudishwa na undugu haukuvunjika. Na mwenye shaka aende akamtazame Bimkubwa akivuka ua ule: hata leo huenda polepole, akikwepa penye ukungu, mkono wa kushoto ameutenga kidogo na ubavu, ili pawe na mahali pa kushika.