Mama wa Usafi Hawezi Kuwa Mtahini Wangu

Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: KUPINGA MAMA WA USAFI KUTUMIKA KAMA KIPIMO CHA TAALUMA YA UANDISHI WA KIUFUNDI

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba lile doa kwenye dari la ofisi yako limeanza kukauka. Huku kwetu hatujambo, ila mke wangu amerudi kutoka hospitali Jumatano na mashine ya oksijeni kando ya kitanda, pamoja na mtungi wa akiba wa kutumia umeme ukikatika. Usiwe na wasiwasi. Mwongozo wa mashine hiyo, kurasa sitini na nne, niliuandika mimi mwenyewe kwa ombi la walioileta, kwa hiyo mgonjwa yuko katika mikono salama kuliko mgonjwa mwingine yeyote mjini.

Kilichonifanya nishike kalamu ni yule mkufunzi mpya uliyemleta idarani kwangu. Nimefundisha uandishi wa kiufundi miaka ishirini na sita. Miongozo ya pampu, mizani, majokofu, cherehani, yote imepita mikononi mwangu, na hakuna mtumiaji hata mmoja aliyewahi kulalamika kwamba ameelewa vibaya. Hawakuelewa kabisa, wakaja ofisini kwangu kwa adabu, wakaelezwa. Sasa binti huyu, ambaye hata kiti chake hakijapata joto, ametuletea mambo yafuatayo:

1. Anawafundisha wanafunzi kuwaamuru watu wazima. "Bonyeza kitufe cha kijani." Basi! Hakuna salamu wala utangulizi. Mimi huandika: "Itahakikishwa na mhusika kwamba kitufe kilichotajwa kimebonyezwa ipasavyo." Hapo mtumiaji ameheshimiwa, mwandishi ameheshimiwa, na kitufe chenyewe kimeheshimiwa.

2. Amefuta somo langu la Historia ya Mwongozo. Nilikuwa nafundisha muhula mzima kwamba mwongozo wenye hadhi huanza na historia ya kampuni, zikafuata shukrani, picha ya mkurugenzi, na orodha ya istilahi. Mashine yenyewe huingia ukurasa wa kumi na tisa, kama mgeni rasmi, watu wengine wakishakaa. Yeye anaanza na mashine.

3. Na hili ndilo lililoninyima usingizi. Mwanafunzi akimaliza kuandika maelekezo, hapewi maksi. Badala yake anaitwa mama wa usafi, yule anayefagia korido ya chini. Anaiacha ndoo mlangoni, anapewa karatasi, anaambiwa afanye kama ilivyoandikwa. Mwandishi anasimama ukutani, mikono nyuma, kimya. Haruhusiwi kueleza, kukohoa, wala kuonyesha kwa macho. Mama akiweza, umefaulu. Akikwama, umefeli wewe, si yeye. Ndugu Mkuu, mimi nina shahada mbili! Wanafunzi wameanza kumwita mama huyu "Profesa", na mimi nasikia naitwa "Babu Kurasa".

4. Mwezi uliopita walichukua mwongozo wangu wa pampu ya chuo, wakamkabidhi huyo huyo. Nami nikaambiwa nisimame ukutani. Nikasimama, maana sikuwa na cha kuogopa. Dakika ishirini nzima mama alifunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena, kisha akauliza mbele ya watoto wale: "Mwalimu, hiki kitufe nibonyeze mimi, au kuna mtu anakuja kukibonyeza?" Darasa likaangua kicheko. Sikuruhusiwa kujibu. Alipofika ukurasa wa thelathini akafungua koki kubwa, na matokeo yake unayaona kila ukiinua macho.

Wanasema kosa ni langu. Onyo lilikuwepo! Ukurasa wa thelathini na moja, kwa herufi nzito: kabla ya koki kufunguliwa, itahakikishwa kwamba tangi la juu halijajaa. Angevumilia kufunua karatasi moja tu angelikuta. Onyo huwa naliweka baada ya hatua kwa makusudi, ili msomaji asikate tamaa mapema.

5. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akaandika mwongozo wa pampu ileile. Ukurasa mmoja, hatua saba, michoro mitatu. Onyo kaliweka juu kabisa, utadhani pampu ni mbwa mkali. Mama wa usafi akaweza kuiwasha ndani ya dakika nne. Mlinzi naye akaweza. Tangu siku hiyo hakuna anayebisha hodi kwangu. Zamani pampu ikigoma nilikuwa natafutwa hadi msalani. Siku hizi karatasi imebandikwa kwenye mlango wa kibanda cha pampu, nami nakaa na chai yangu mpaka inapoa. Nakwambia kweli, inauma.

6. Jambo hili linatuvua nguo sote, wewe ukiwemo. Mwongozo wangu ulipitishwa na kamati ya wajumbe tisa bila swali hata moja. Dibaji uliiandika wewe, ukasema umeusoma kwa makini toka mwanzo hadi mwisho na umenufaika sana. Nakala uliyonirudishia kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani. Nikairudisha kabatini. Tumeishi vizuri hivyo: mimi naandika yasiyosomeka, wewe unayasifu bila kuyasoma, na chuo kinasonga mbele. Mama wa usafi ndiye mtu wa kwanza kuufungua mwongozo ule akiwa na nia ya kuutumia, na ona alichotufanyia.

Tusipomzuia sasa, atafika mbali. Leo kapewa mwongozo wa pampu. Kesho watampa kanuni za chuo. Keshokutwa atafungua mkataba wake wa kazi, akute kile kifungu cha likizo, aulize kama likizo hiyo aichukue yeye au kuna mtu anakuja kuichukua. Utamjibu nini, Ndugu Mkuu?

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu jaribio hilo lipigwe marufuku, karatasi ya pampu ibanduliwe, na mama arudi kwenye korido na ndoo yake. Mkufunzi mpya ahamishiwe michezo, ambako kuamrisha watu kunaruhusiwa. Naomba pia barua hii isomwe mbele ya kamati, polepole.

Nisalimie makamu wako, mhasibu, katibu muhtasi wako na wote wa nyumbani kwako. Mlinzi nisalimie pia, ingawa ameniangusha.

Wako katika kulinda taaluma,

Mkufunzi Mwandamizi,
Idara ya Uandishi wa Kiufundi

Tanbihi: Barua hii nilikuwa nimeshaitia kwenye bahasha. Leo saa nne asubuhi umeme umekatika na mashine ya mke wangu imezimika. Nikafungua mwongozo wangu. Nimepita historia ya kampuni, shukrani, na picha ya mkurugenzi. Ukurasa wa arobaini nikasoma: "Itahakikishwa na mhusika kwamba mtungi wa akiba umefunguliwa." Nikaangaza macho chumbani kumtafuta mhusika. Tulikuwa wawili tu, na mmoja wetu alikuwa anatafuta pumzi. Nikaufungua. Mtungi ukapiga mluzi, oksijeni yote ikaishia hewani, na mke wangu ananitazama. Ukurasa wa arobaini na moja, kwa herufi nzito, nilikuwa nimeandika kwamba kabla ya mtungi kufunguliwa, regileta, yaani kidhibiti cha gesi, iwe imefungwa kwenye mdomo wa mtungi.

Umeme ulirudi wenyewe baada ya dakika kumi na moja. Amelala sasa, anapumua. Mimi bado sijaweza kukaa. Mtungi mwingine unaletwa alasiri, na nakala za mwongozo huu wangu ziko kwenye nyumba za wagonjwa wengine ambao siwajui.

Tafadhali usiipeleke barua hii kwenye kamati. Mwombe yule binti aje nyumbani kwangu leo hii na karatasi moja na kalamu. Aje na Profesa, aijaribu kabla mimi sijaigusa. Nitasimama ukutani, mikono nyuma, na sitakohoa.