Kamati ya Kutathmini Umri Uliobaki

Ilitangazwa kwa bashasha kwamba Chuo cha Sheria sasa kinapokea waombaji wa rika zote, wazee wakiwemo. Na ili ukarimu huo usije ukatumiwa na wazee, ikaundwa Kamati ya Kutathmini Umri Uliobaki.

Wa kwanza kuitwa alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na ushei. Mdogo wake alipofiwa na mume, mashemeji walimtoa nyumbani. Mahakamani aliulizwa jambo kwa maneno mazito ya kisheria, akaitikia kwa kichwa, kwa adabu tu, kumbe ndiyo ameikabidhi nyumba. Mkunga alikuwa amekaa nyuma yake, naye hakuambulia kitu. Siku ile aliapa kuyasoma maneno yale hata kama itabidi akae dawati moja na wajukuu. Akafanya mtihani wa kujiunga, akafaulu vizuri.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa profesa ambaye kustaafu kwake kuliahirishwa kila mara kwa maslahi ya taifa. Wajumbe wake walikuwa na maslahi yaleyale. Katibu peke yake, mama wa watoto wawili, ndiye aliyekuwa bado na meno yake yote, na kazi yake ilikuwa kuandika na kunyamaza.

"Mama, alama zako hazina tatizo," alisema Mwenyekiti. "Tatizo ni wewe. Unaweza kuihakikishia Kamati kwamba utakuwa hai siku ya mahafali?"

"Siwezi, mheshimiwa. Hao vijana wanahakikishaje?"

Mwenyekiti alimweleza kwa subira kwamba vijana hufa kwa dharura, lakini wazee hufa kwa ratiba, na taasisi makini haipuuzi ratiba. Mjumbe mmoja akataka kujua kama magoti yake yataweza ngazi za maktaba. Mkunga akasema maktaba iko chini. Mjumbe akajibu kwamba hilo halibadilishi hali ya magoti.

Kumkataa mtu mmoja kungeonekana ubaguzi, kwa hiyo Kamati ikamkataa kwa kanuni: yeyote aliyezidi miaka hamsini na mitano asivuke lango la chuo, kwa usalama wake mwenyewe. Wajumbe walipongezana. Mkunga alirudi nyumbani. Mdogo wake alimsogezea kiti, akampakulia chakula.

Jumatatu asubuhi, mlinzi wa langoni alimsimamisha Mwenyekiti.

"Shikamoo, mzee. Naomba kitambulisho."

Akakisoma, akatikisa kichwa kwa masikitiko: miaka imezidi ile ya kanuni.

"Kijana, kanuni hiyo nimeitunga mimi."

"Hongera, mzee. Lakini haikusema isipokuwa mtunzi."

Nyuma yake wajumbe walikuwa wakijipanga mmoja mmoja. Mwenyekiti akadai kukata rufaa. Mlinzi akamweleza kwamba rufaa zote husikilizwa na Kamati, na Kamati hukaa ndani.

Ndani alikuwemo Katibu. Kwa kuwa hakuna kifungu kilichotaja akidi, alifungua kikao, akawashukuru wajumbe kwa mahudhurio mazuri, akapokea udhuru wa walio langoni. Kisha Kamati ikaamua kwa kauli moja kwamba kanuni isiwahusu wanafunzi, na kwamba Mkunga ni mwanafunzi. Rufaa ya Mwenyekiti ilipangiwa kikao kijacho, akitakiwa aje na uthibitisho wa daktari kuhusu magoti. Kikao kijacho hakikupangiwa tarehe.

Masomo yalipoanza, Mkunga alimkuta Mwenyekiti kwenye benchi la nje ya lango, tai imemkaa upande. Akamwamkia kwa heshima. Mzee akamsogelea na kumuuliza kwa sauti ya chini kama anamfahamu mwanasheria wa kumsaidia.

"Namfahamu mmoja, mheshimiwa," alisema Mkunga, akiweka begi lake vizuri begani. "Ila bado yuko mwaka wa kwanza."