Uzinduzi wa Mnada Huria, Uwanjani Gombani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe, waheshimiwa masheha na manaibu wao, mashehe wetu, Mzee Nyange, uliyetuazima vipaza sauti, Bi Ummkulthum na kina mama wote, wadau wa maendeleo mliofika na mliotuma wawakilishi, vijana wa kujitolea, na yeyote niliyemsahau, ajijue kuwa namheshimu: assalaam alaykum!

(Umati: Waalaykum salaam!)

Ndugu wananchi, leo tunazindua Mnada Huria, programu ya simu ya kumjulisha mchuuzi, kabla hajapanda baiskeli, samaki gani wameshushwa pwani ya Tumbe na mnada umefika bei gani. Programu ambayo, kwa mujibu wa sera, mkakati, na mkakati wa kutekeleza mkakati, ni huria, yaani matumbo yake, yale maandishi yanayoiendesha, yako wazi, kila mtu ana ruhusa ya kuyatazama, kuyarekebisha na kuongeza lake bila ya kulipwa hata senti, jambo ambalo mimi binafsi nimelisimamia kwa posho ndogo tu! (Kicheko. Mheshimiwa anadhani ni shangwe, anainamisha kichwa.)

Changamoto yetu ni vijana wapya. Wanakuja na hamu, wanakosa wa kuwapokea, wanarudi kucheza karata. Ndiyo maana nimeunda Kamati ya Mapokezi, Kamati Ndogo ya Tabasamu na Kitengo cha Ahsante, na ari ya kujitolea imefika asilimia mia moja na arubaini, kiwango ambacho wataalamu waliniambia hakiwezekani, na sisi tumekiweza! (Makofi.)

Lakini hatutaki fujo ya jikoni kwenye shughuli, mtu anaingia tu, anashika kisu, anamenya vitunguu. Hapana! Anayetaka kurekebisha hata nukta moja aje na barua ya sheha, picha mbili za pasipoti na mdhamini aliyeoa. (Sauti ya mwanamke: "Na sie wanawake je?") Mdhamini aliyeolewa. Swali zuri sana.

Naam, binti wa Kiuyu, Yumna, simama mwanangu, kwa ufupi.

(Yumna: "Mheshimiwa, mie kazi yangu ya programu hii n'shaileta tangu kabla ya Ramadhani. Babangu mchuuzi, afika Tumbe akuta samaki washauzwa, arudi na tenga tupu. Naomba mtu aitazame tu, anambie nzuri au mbaya.")

Umenigusa. Kazi yako imepokelewa, imechapishwa, imepigwa muhuri na imefungiwa kabatini kwa usalama wake. Haijaunganishwa na mradi kwa sababu za kiufundi.

Nisiwachoshe. Kujitolea? (Umati: Mbele!) Vijana wapya? (Karibuni!) Barua ya sheha? (Kicheko kikubwa.)

Mwisho, nawashukuru waliotengeneza fulana, kofia na bango hili refu, na kwa namna ya pekee namshukuru Yumna, kwani asubuhi hii nilipomuuliza mtaalamu wetu huo mradi uko wapi nipate kuwaonyesha, alinijibu kwamba kilichopo ni kile alichotuma mtoto wa Kiuyu, na chengine chochote hakijaanza kuandikwa, maana sote tulikuwa tunashughulikia mapokezi. Ahsanteni kwa kunisikiliza. Pilau iko nyuma.

(Vigelegele. Vijana wanaipita pilau mbio, wanamzingira Yumna: "Hebu fungua simu tuone!" Mheshimiwa bado anapunga mkono.)