Kopo la Ini Linalotabasamu

Jumatatu, 3 Machi

Ini langu limenisaliti. Miaka ishirini na sita nalienzi, halina shukrani! Kipimo kinasema vimeng'enya vyake vimepanda kidogo. Kidogo! Daktari alilitamka neno hilo kama anayezungumzia chumvi. Akauliza natumia dawa gani. Nikamtajia kwa fahari unga wa mitishamba ninaounywa tangu mwezi uliopita, ule wa kopo lenye picha ya ini linalotabasamu. Akaweka kalamu chini. Akasema niuache leo leo, nile chakula cha kawaida, ninywe maji, nilale. Ini hujisafisha lenyewe. Nirudi Jumatatu apime tena.

Fomu ya afya inatakiwa kwa mkuu wa maktaba Jumanne ijayo kabla ya saa sita. Isipofika ikiwa safi, nafasi ya kwenda kusomea ukarabati wa vitabu vikongwe itachukuliwa na Chipsi.

Chipsi ni mwenzangu wa meza moja. Kila mchana hula viazi vya kukaanga juu ya kadi za vitabu. Kipimo chake: safi kabisa. Dunia haina aibu.

Jumanne, 4 Machi

Nimetafakari usiku kucha. Daktari yuko sahihi kwamba tatizo ni ule unga. Nanywa kidogo mno! Kijiko kimoja huamsha uchafu. Cha pili ndicho kinachoutoa. Ni mantiki tupu. Pia karoti: tangu mwezi uliopita nasaga kilo moja kwa siku. Sasa mbili.

Dada, ambaye naishi kwake, ni fundi cherehani. Alinisikia nikijieleza, akaisimamisha mashine katikati ya mshono. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, ila la kwangu halisikii kingine. Nilijifanya sikuelewa. Kisha nikacheka peke yangu bafuni.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi kopo halikuwepo. Jioni limerudi rafuni. Dada anasema alikuwa anafuta vumbi. Dada hajawahi kufuta vumbi tangu tuhamie hapa.

Jambo kubwa: dawa imekuwa tamu! Nimeandika kwenye daftari la vipimo: uchungu umepungua, maana yake sumu imepungua. Nimekunywa vijiko vinne. Ini linatabasamu. Nalisikia.

Alhamisi, 6 Machi

Chipsi alinikaribisha kiazi kimoja. Nikamweleza, kwa upole, kazi mia tano za ini. Nilipofika ya kumi na nne alisema, mwenzangu we, hilo ini lako lina vikao vingi kuliko mkuu wa maktaba. Wasomaji wa meza ya dirishani wakacheka. Amenikata maini, yaleyale ninayohangaika kuyatunza.

Jumamosi, 8 Machi

Viganja vyangu ni vya njano. Si kidogo. Njano!

Dada alinivuta dirishani, akavigeuzageuza kama kitambaa anachokitilia shaka. Hakutania. Nikaogopa. Nilipokuwa na miaka tisa kitabu cha hadithi cha marehemu mama kilivunjika mgongo, nikakigandisha kwa uji. Kimeshika mpaka leo, ingawa kimevimba. Tangu siku ile sijataka kazi nyingine. Na sasa mambo yanatumbukia nyongo.

Nililia kidogo. Machozi nayo hutoa sumu.

Jumatatu, 10 Machi

Nilikwenda kliniki na glavu nyeupe za lesi, za bibi harusi, mteja wa dada. Muuguzi akaniamuru nizivue. Nikavua. Akapiga ukelele na kuniita mwanangu, ingawa tunalingana umri. Daktari akaja mbio, akanivuta kope, akatazama weupe wa macho. Macho meupe pe. Akauliza nakula karoti kiasi gani. Nikamtajia. Akakaa chini. Akasema haya si manjano ya ini, ni rangi ya karoti, itatoka nikiziacha.

Alasiri majibu yakatoka: vimeng'enya vimeshuka, viko sawa! Daktari akanipongeza kwa kumtii na kuuacha ule unga. Nikatazama dari.

Jumanne, 11 Machi

Fomu ilifika saa tano na robo. Mkuu wa maktaba akatuwekea mimi na Chipsi kitabu kimoja kikongwe, kila mmoja afunue kurasa kumi. Chipsi aliacha alama ya dole gumba lenye mafuta ukurasa wa tatu. Mikono yangu ya njano haikuacha hata kivuli. Nafasi ni yangu!

Jioni dada alikiri. Anasema unga aliumwaga chooni Jumatano ile, na tangu hapo nimekuwa nikinywa kakao na sukari. Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akanikumbatia. Nilimsikiliza kwa huruma. Watu wa vitendo hawapendi kukubali kwamba sayansi imeshinda. Na hata kama ni kweli, ina maana vijiko vya Jumanne pekee vilitosha. Dawa kali kiasi hicho!

Zimebaki figo. Kopo lake lina picha ya figo mbili zilizoshikana mikono. Nimenunua mawili nikitoka kazini. Nimeyaficha nyuma ya vitambaa vya kufutia vumbi. Dada hatafika huko kamwe.