Mtabiri wa Mbio Zilizokwisha

Jumanne, 13 Mei

Leo nimeheshimiwa. Naandika tarehe kwa herufi nene maana jambo hili halijatokea tangu nioe.

Mambo yenyewe ni hivi. Baba mkwe, Mzee Aliakbar, aliuza baiskeli Lindi miaka mingi kabla ya kuhamia huku. Mpaka leo, ukiacha swala na wajukuu, anachokipenda duniani ni mbio za baiskeli za Ulaya. Mbio zinakwisha asubuhi kwa saa za Toronto. Wakati huo sisi tuko kazini, naye yuko kituo cha wazee, mtaa wa Bathurst, na wenzake. Kwa hiyo zinarekodiwa, tunazitazama wote baada ya chakula cha jioni. Sheria ya nyumba: hakuna kuchungulia matokeo. Tumeahidi wote. Baba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, anaona ukungu na rangi za jezi tu. Sisi tunamsimulia.

Anayetabiri ni shemeji yangu Asad. Mhasibu. Ana baiskeli ya kifahari, kaptula ya kubana na majedwali. Mimi hukaa kwenye kigoda karibu na ngazi za kushukia besimenti, tunakoishi mimi na mke wangu Naqiya kwa hisani ya Baba. Hapo ndipo pa kukaa mtu ambaye biashara yake ya sambusa za kugandisha iliyeyuka. Kweli iliyeyuka. Umeme ulikatika.

Leo kazini, kwenye ghala la Brampton, nilijificha chumba cha kuchajia betri za foklifti nikatazama simu. Dakika moja tu! Kashinda Mnorwe mmoja mrefu. Jioni ulimi ukateleza, nikasema mimi namwona yule mrefu wa Norwe. Asad akacheka. Mnorwe akashinda. Baba akageuza kichwa akinitafuta kwenye ukungu wake, akasema nisogee nikae karibu naye.

Nikapewa paja la kuku. Nimelila nimeinamisha kichwa.

Jumatano, 14 Mei

Asubuhi niliapa sitachungulia tena. Saa tano nilikuwa chumba cha betri.

Jioni nikaongeza mbwembwe. Juu ya kabati kuna kengele ya baiskeli, ya mwisho kutoka duka la Lindi. Nikaichukua, nikaigonga mara moja, nikafumba macho, nikasema: Mfaransa, jezi nyeupe. Kwa nini niligonga kengele? Sijui. Ilikuwa karibu.

Mfaransa akashinda. Asad ametazama jedwali lake kama mtu aliyeibiwa. Furaha iliyoje! Halafu Baba akanishika bega akasema alinidharau bure miaka yote hii, nimsamehe. Mzee wa watu kuniomba mimi msamaha. Nikatamani sakafu ifunguke, lakini chini ya sakafu ni kwangu.

Ijumaa, 23 Mei

Siku mbaya. Naiandika upesi upesi.

Baba aliniita chumbani peke yangu, akaniambia nifunge mlango. Hospitali wamempigia, wana nafasi ya kumpasua jicho mwezi ujao. Anaogopa. Kaka yake alipasuliwa zamani akatoka kipofu kabisa. Baba amemwomba maulana wa msikitini amfanyie istikhara, imekuja ya katikati, si nzuri si mbaya. Kwa hiyo amenigeukia mimi.

"Mwanangu Hasham," akasema, "ajuaye ghaibu ni Mungu peke yake, hilo nalijua. Lakini wewe umepewa kitu. Nifanye au nisifanye?"

Hapo ilikuwa niseme ukweli. Maneno mawili tu: Baba, simu. Mdomo niliufungua. Halafu nikawaza: akipona, ataona. Ataona simu inavyotuna mfukoni. Ataona uso wangu nikigonga ile kengele. Nitarudi kwenye kigoda.

Nikamwambia asubiri mpaka msimu wa mbio uishe.

Akanishukuru. Akanibusu kwenye paji la uso! Naqiya ameniuliza kwa nini babake kaikataa nafasi ya hospitali. Nimesema wazee bwana, unawajua. Nimeona haya hata kuvua viatu mbele yake.

Jumanne, 8 Julai

Ashura imepita. Runinga imefunuliwa kitambaa cha maombolezo. Baba anasema mbio za Ufaransa si sherehe, ni watu wanateseka milimani, kwa hiyo hazikatazwi kutazamwa. Nani atambishia?

Nilikuwa nimeazimia, wakati wote runinga imefunikwa, kwamba nikianza upya nitaanza safi. Nimekosea makusudi mara moja, kwa heshima. Baba akasikitika mno, akauliza kama nimelala vibaya. Asad alitabasamu. Tabasamu lile sikulivumilia. Kesho chumba cha betri.

Alhamisi, 17 Julai

Balaa! Nilimwona Mwitaliano akiwa wa kwanza kuvuka mstari, mikono juu. Kisha msimamizi wangu Gakii akagonga mlango. Ni Mkenya, ana huruma. Ananiona naingia chumba kile kila siku muda uleule, akidhani natafuta pa kujikunja kwa maumivu. Akaniuliza, "Hasham, ni tumbo tena? Si ungeenda tu ukaonwe?" Nikasema ni tumbo. Akaniletea ndizi.

Jioni nikagonga kengele: Mwitaliano! Mwitaliano akavuka, mikono juu. Nikaruka kutoka kitini. Asad akauma jedwali. Kisha mtangazaji akasema waamuzi wamemwondoa Mwitaliano kwa kumsukuma mwenzake kwa kiwiko. Mshindi ni Mbelgiji.

Nikajua yamekwisha, na kusema kweli nikapumua.

Baba akasema mimi niliona yaliyotokea barabarani, ya waamuzi sikuyaona kwa sababu hukumu ni ya Mwenyezi Mungu. Sasa ananiamini zaidi. Ameahidi kunitaja kituoni kwa wazee wenzake.

Ndizi ya Gakii bado iko mfukoni. Nimeshindwa kuila.

Jumatano, 27 Agosti

Baba ameungua mkono. Alijimiminia chai akidhani kikombe kiko pale, nacho hakikuwa pale. Naqiya alipiga kelele nikapanda ngazi mbio. Kiganja chote kimechubuka. Na yule mzee anacheka, anatuomba radhi kwa kuchafua kitambaa cha meza.

Nafasi ile ya Juni angeipokea, saa hii angekuwa anaona kikombe.

Naqiya alimfunga mkono huku analia. Mimi nilifuta meza. Niliendelea kuifuta hata ilipokuwa kavu, kwa kuwa sikujua niweke wapi macho yangu. Baba akanong'ona nisijali, msimu umebaki kidogo, anakumbuka nilivyomwambia.

Sijawahi kujiona mnyonge kiasi hiki. Hata sambusa hazikunitia aibu hivi.

Ijumaa, 5 Septemba

Hospitali wamepiga tena. Jumanne, tarehe kumi na sita. Akikataa safari hii anarudi nyuma kabisa ya foleni.

Nikaja na mpango mzuri. Nikapanda juu, nikachukua kengele, nikaigonga mara mbili kwa uzito wa jambo, nikamwambia Baba nimeona: akapasuliwe, atapona, jicho safi.

Baba akakunja uso. Akaniuliza mbona mwanzo niliona asubiri, na msimu haujaisha. Maono yanabadilika? Nikababaika. Nikasema ukungu umepungua. Ukungu wangu, si wake. Yaani, wote.

Akaushika mkono wake wenye bandeji. Akasema anataka ishara. Mbio kubwa zinakuja Montreal, Jumapili kabla ya hiyo Jumanne. Nimtaje mshindi sasa hivi. Akishinda, ataingia hospitali kwa moyo mmoja. Asiposhinda, ataachana na mambo ya visu.

Na tutakwenda wenyewe kuziona, Asad ataendesha gari.

Montreal! Mbio zinakimbiwa mchana wetu huu huu. Hakuna chumba cha betri duniani kinachoweza kunisaidia. Kwa hofu nikataja jina la kwanza lililonijia, Tesfalem, kijana wa Eritrea ambaye Baba humwita "mtoto wa nyumbani". Msimu mzima hajashinda hata siku moja.

Jumapili, 14 Septemba

Tuko njiani kurudi. Naandika kiti cha nyuma.

Mbio zilizunguka mlima mmoja katikati ya mji, wanapita mbele yako tena na tena. Baba alishika uzio akawa kama kijana. Hakuona kitu, lakini alisikia minyororo. Akamsema mmoja kwamba mnyororo wake mkavu, hautiwi mafuta. Nilimtazama akicheka na upepo wao, nikasema moyoni, Mungu wangu, kijana mmoja tu, mara moja tu.

Katikati ya mbio Asad alikwenda kuhamisha gari. Ndipo nikamwona Tesfalem amekaa kwenye ukingo wa barabara, taulo shingoni, baiskeli imelala. Kajitoa.

Nikapiga hesabu. Baba haoni. Asad hayupo. Watu wanapiga kelele kwa Kifaransa. Nikaanza kusimulia. Tesfalem yuko kundini, Baba. Tesfalem anasogea. Tesfalem kabaki na mmoja! Mwishoni nikapaza sauti ameshinda, ameshinda mtoto wa nyumbani, nikamkumbatia. Baba akalia machozi ya kweli. Akasema, "Basi Jumanne nakwenda." Nilifanikiwa! Kwa muda kama wa kumenya chungwa, nilikuwa mtu mwema.

Kisha wakaanza kupita waliojitoa, wakisukuma baiskeli kando ya uzio. Watu wakaita: Tesfalem! Tesfalem! Masikio ya Baba hayana ukungu. Akanyoosha ule mkono uliotoka bandeji, akamshika yule kijana, akamwambia kwa Kiingereza chake cha dukani hongera kwa ushindi, Afrika Mashariki nzima inakushukuru.

Kijana alisimama. Alimtazama Baba, akanitazama mimi. Akasema kwa adabu sana kwamba samahani mzee, yeye alijitoa mapema, tumbo lilimsumbua. Akaushika mkono wa Baba kwa mikono yake miwili, akaenda zake. Asad alikuwa amesharudi. Alisikia yote.

Kingston tulisimama kutia mafuta. Asad akashuka. Baba akaongea bila kugeuka.

"Zile za Italia na Ufaransa?"

"Simu, Baba. Nilikuwa nachungulia kazini."

"Na ile ya jicho langu? Ile uliichungulia wapi?"

"Sikuichungulia popote. Niliogopa ukipona utaniona."

Alikipapasa kiganja chake pale ngozi ilipokuwa mpya. Nilingoja anitukane. Ningependa sana anitukane.

"Kumbe hakuna kilichokuwa kinanizuia," akasema. "Miezi yote hii."

Asad alipoingia, Baba akamwambia Jumanne wamwahishe hospitali. Asad hajacheka. Heri angecheka.

Jumatano, 17 Septemba

Wametoa kitambaa cha jicho. Tulikuwa wote sebuleni.

Kwanza alimtazama Naqiya, akamwita karibu, akamshika kidevu, akasema amefanana na mama yake. Wakalia wote wawili. Akatazama kikombe. Akatazama kengele yake. Kisha akageukia ngazi, kwenye kigoda, nilikojirudisha mwenyewe bila kuambiwa. Alinitazama mpaka nikahesabu vigae vya sakafu.

"Una uso wa mtu mwema kabisa," akasema. "Ndiyo maana nilikuamini hata bila macho."

Akainuka mwenyewe, hakushikwa, akaifungia kengele kabatini. Nimeshuka chini. Nimekaa gizani. Sitatabiri tena maishani, hata mvua.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mbio za mwisho za msimu, Italia. Baba anasoma kila kilichoandikwa kwenye runinga kwa sauti, hata matangazo ya sabuni. Hahitaji wa kumsimulia. Nafurahi kwa kweli. Jicho la pili ni mwezi ujao, na alikubali kabla hawajamaliza kuuliza.

Kituoni Bathurst mchana nikagundua jambo. Baba amenisitiri. Hakumwambia mtu hata mmoja. Wazee wote bado wanajua nilivyotajwa Julai, kwamba mkwe wa Aliakbar ana macho. Nilikwenda kujifungia msalani, nikalia kidogo. Mzee wa watu, baada ya yote yale!

Nilipotoka, mzee mmoja mwenye fimbo akaniita. Anapenda mpira wa Dar, huutazama jioni binti yake anapotoka kazini kumfungulia runinga. Akaniuliza timu yake leo vipi. Mechi ilikuwa imekwisha muda si mrefu. Matokeo nilikuwa nayo. Nikamwambia kwa unyenyekevu mambo hayo nimeyaacha.

Akasema basi, akasogeza kiti cha jirani yake nikae. Mezani kulikuwa na biriani. Akaniwekea paja.

Nikasema labda naona mbili kwa moja.

Kisha akauliza kuhusu goti lake, daktari anataka kulipasua. Hapo nilisimama imara! Mtu hujifunza. Nikamwambia aende haraka, asisubiri hata siku moja, asimsikilize mtu yeyote. Nilijivunia sana. Akauliza, je, litapona? Alinitazama kwa matumaini, na wenzake watatu wakaacha kula.

Nikafumba macho.

Nimeagiza kengele mpya. Inafika Jumanne.