Fahali Alitua Wapi

Nicholas wa Londiani hakuwahi kushika kamera maishani mwake, lakini kadi yake ilisema "Direkta". Kazi aliyoijua ni moja tu, kudai video za watu. Akiona kijana ametoa video ikashika moto mtandaoni, huwaandikia wenye mtandao malalamiko, kwa Kiingereza cha suti na tai, kwamba video hiyo ni yake na imeibwa. Mtandao hauna shangazi wa kuulizia ukweli kijijini. Huiondoa video kwanza, maswali baadaye. Kisha mwenye video humpigia Nicholas simu akilia, nao hupatana bei ya kuirudisha. Riziki ya halali kabisa, ukimsikiliza Nicholas.

Jumanne moja, akinywa chai hotelini, aliona fahali akiruka. Video ilikuwa imepigwa kutoka juu, kwa droni, katika soko la mifugo la Siongiroi. Fahali mweusi aliinua kichwa, akaikazia droni macho, akarudi nyuma hatua tatu, kisha akaruka ua wa mbao kama mbuzi. Video ilikatika akiwa bado hewani. Watu laki tisa walikuwa wameitazama, na nusu yao waliuliza swali moja: "Alitua wapi?"

Nicholas hakuuliza. Alitazama ile laki tisa, akajifuta mdomo, akafungua fomu ya malalamiko.

Kesho yake simu ililia.

"Boss, mimi ni Cheptoo, mwenye ile chaneli. Mbona umenifanyia hivi? Nilikuwa na strike mbili tayari, yaani maonyo ya mtandao, juu ya nyimbo za watu. Hii yako ni ya tatu. Usipoitoa wiki hii, chaneli inafungwa yote. Miaka minne, boss!"

"Pole sana, dada yangu," alisema Nicholas, kwa huruma ya mtu anayemzika tajiri. "Lakini haki ni haki. Nipe hiyo droni, pesa ya video tugawane, na mimi natoa malalamiko siku hiyo hiyo."

Upande wa pili vyombo viligongana, na mwanamke mwingine akanong'ona kitu.

"Droni iko kwa ofisi ya naibu wa chifu," Cheptoo akasema. "Ameishika. Anasema atapeana tu kwa mtu atasimama mbele yake aseme ni yeye aliirusha."

Hapo mtu mwenye akili angeuliza kwa nini serikali imeshika droni. Nicholas alikuwa na akili, tena nyingi, ila siku hiyo tamaa ilikuwa imeikalia.

Alhamisi alifika Siongiroi amevaa miwani ya jua katikati ya mvua. Cheptoo alimpokea mlangoni mwa ofisi, msichana mwembamba mwenye aproni na vidole vilivyokunjamana kwa maji. Ndani aliketi Bwana Kiptanui, naibu wa chifu, na kando yake Mama Jerusa, mwenye hoteli ya sokoni, aliyehamia huku kutoka upande wa ziwa miaka mingi iliyopita. Droni ilikuwa mezani. Nicholas aliipenda papo hapo.

"Chamge, mzee," Nicholas alisalimia kwa Kikalenjin.

"Chamge mising. Wewe ndiye mwenye hii kitu?"

"Mimi kabisa."

"Uliirusha mwenyewe? Siku ya soko, chini chini, juu ya ile ndume?"

"Kwa hivi vidole, mzee. Nilishuka mpaka nikaona kope zake."

Mama Jerusa alikohoa ndani ya leso.

"Na leseni ya kurusha?"

"Iko njiani. Nairobi wananijua."

"Sawa. Weka hiyo kwa maandishi."

Hakuna kitu Nicholas alikipenda kuliko saini yake. Alisaini kurasa mbili bila kuzisoma, akapiga mstari wa madaha chini ya jina, na naibu akagonga muhuri. Aliponyoosha mkono kuchukua droni, Mama Jerusa aliushika.

"Sasa, Direkta, wewe ndiye utatuambia. Ile ndume ilitua wapi?"

"Ilitua..." Nicholas aliitazama dari. "Ilitua salama, mama. Upande ule mwingine."

"Upande ule mwingine ni hoteli yangu! Ilitua kwa kabati ya vyombo! Vikombe arobaini, sahani sitini! Halafu hiyo droni yako ikaanguka kwa sufuria ya maharagwe!"

Bwana Kiptanui aligeuza ukurasa wa kwanza taratibu. "Hapa imeandikwa aliyerusha atalipa hasara yote. Saini ni yako ama si yako?"

"Si yangu! Yaani, saini ni yangu, droni si yangu! Wazee, hata kuiwasha sijui! Niliona tu kwa simu!"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi Nicholas kusema ukweli mbele ya mashahidi, na kichwa kilimzunguka.

"Basi umedanganya serikali kwa maandishi," alisema naibu kwa upole. "Polisi wako hapo ng'ambo ya barabara. Toa kwanza hayo malalamiko tukiona, halafu tuongee."

Nicholas aliyatoa hapo hapo. Punde simu ya Cheptoo ikalia. Fahali alikuwa amerudi hewani. Msichana alijifunika uso kwa mikono yake iliyokunjamana akalia kwa furaha, na Nicholas, kusema kweli, akaona haya kidogo.

"Huyu mtoto alikuja mwenyewe siku hiyo hiyo akasema ni yeye," Mama Jerusa alisema. "Tukapatana atanioshea vyombo mwezi mzima. Alikuwa kwa karai wakati barua yako ilifika. Nikamwambia, kama video ni ya huyo Direkta, hata karai ni yake. Amebakisha wiki mbili. Ama unapendelea ng'ambo ya barabara?"

Mla mbuzi hulipa ng'ombe. Nicholas alivua miwani, akaomba aproni.

Siku ya tisa Cheptoo aliingia jikoni na simu yake, maana droni ilikuwa bado inangoja leseni ya kweli. Aliweka karatasi kando ya karai.

"Direkta, watu bado wanauliza ilitua wapi. Nataka kuwaonyesha hapa, na wewe uko ndani. Siwezi kukuweka kwa video bila ruhusa yako. Saini."

Nicholas alikausha mikono, akachukua kalamu. Kisha akaiweka chini, akaisoma karatasi kutoka juu hadi chini, mara mbili, midomo ikicheza.

"Hapa imeandikwa sitalipwa."

"Ndiyo."

"Na hapa, video ni yako."

"Soma yote."

"Ni yako, na sitaidai kamwe."

Alisaini. Safari hii hakupiga mstari chini ya jina.